Namba Iliyokataa Kupanda

Dokta Mireille alirudi Kamina Jumapili iliyopita, na alipoingia kwetu hakusalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja jikoni, akafunua sufuria, akainama, akanusa, kisha akageuka kumtazama Tonton Ngoy kwa lile jicho la mwalimu anayejua kuna karatasi chini ya dawati. Tonton, yaani mjomba, karani mstaafu wa reli ambaye hata kuku wa jirani huwafukuza kwa Kifaransa, alinyoosha mikono juu kama mtu anayepekuliwa na askari wa Base, ile kambi ya jeshi ya Kamina.

"Dokta, hamuna kitu mule," alisema. "Pilipili, ndimu na matungulu. Onja mwenyewe."

Dokta akaonja, akaonja tena, na mara ya tatu haukuwa uchunguzi, ilikuwa njaa. Kutoka sebuleni Tantine Numbi, mke wa Tonton na mwenye nyumba halisi, akapaza sauti: "Munaona? Muntu anatoka Lubumbashi, siku zote hatuonane, anaanza kusalimia supu. Minyi niko huku, Dokta. Mafigo yangu iko huku, haiko mu sufuria."

Tulikula pamoja sisi wanne, bukari ya mahindi, ugali wetu, na kuku, na wakati wa kula wakubwa wakaanza kuusimulia mwaka ule wa ugonjwa wa Tantine mbele yangu kana kwamba mimi nilikuwa kabati. Tonton aliusimulia vizuri sana, hasa kwa vile aliruka sehemu yote inayomhusu. Dokta alikwenda Lubumbashi kusomea mafigo na sasa anajua mambo mengi kuliko zamani, kwa hiyo naye aliusimulia kwa maneno marefu. Tantine alikuwa akicheka tu. Najua kumbukumbu za maisha huandikwa na watu wenye mvi. Mimi niko mwaka wa sita, wa mwisho, wa sekondari na kitu pekee kinachoota kichwani mwangu ni chunusi. Lakini nilipowasikiliza niliona kwamba nikiwaachia wao, mwaka ule utageuka mahubiri. Basi naandika mimi, Bijou, niliyekuwepo. Na msiniulize kwa nini nilikuwa nikiishi kwa Tantine na si kwa wazazi wangu. Hiyo ni hadithi ya wazee, na wazee wenyewe hawajakubaliana.

Nilikuwa mwaka wa nne wa sekondari. Tantine alikuwa kiongozi wa kwaya ya akina mama wa kanisa letu la Kimetodisti, na sauti yake ilikuwa na nguvu hivi kwamba Tonton alisema ingeweza kuitwa kazini reli ikikosa filimbi. Yote yalianza na kichwa kumuuma. Hapa Kamina kila ugonjwa ni malaria mpaka uonyeshe kitambulisho, kwa hiyo alimeza dawa za malaria. Kichwa hakikupona, wakasema ni tifoidi, akameza za tifoidi. Miguu ikaanza kuvimba, viatu vya kanisani vikamkataa, wakasema ni uzee, na kwa uzee hakuna dawa, basi akafunga kanga vizuri akaendelea kuimba. Mgongo ulipouma alinunua sokoni karibu na stesheni ya gari la moshi vile vidonge vya rangi mbili, ambavyo mama wauzaji huvimwaga mkononi mwako kama karanga. Alivitunza kwenye fundo la kitambaa chake kiunoni, na kila alipoinama kuosha vyombo ulikuwa unasikia vikigongana.

Asubuhi moja aliamka uso umejaa, macho yamebaki kama matundu mawili ya vifungo. Mimi nikamwambia, "Tantine, leo uko unafanana na askofu." Alicheka, lakini akajigusa mashavu na kucheka kukakoma njiani. Tonton akavaa suti yake ya mazishi, ambayo pia ni suti ya harusi na ya hospitali, na tukaenda watatu.

Chumba cha Dokta Mireille kilikuwa na rangi ya samawati mpaka usawa wa bega, na juu yake chokaa. Alikuwa amefika karibuni, kijana, nywele fupi, kalamu nyuma ya sikio kama fundi seremala. Tonton alimtazama na nikajua anachofikiri, kwamba huyu mtoto na yeye anangoja daktari. Dokta akafunga kile kitambaa cha kupima tansio, nguvu ya damu, kwenye mkono wa Tantine, akapima, akasubiri, akapima mkono mwingine. Kisha akaanza kuuliza maswali ambayo nyumbani kwetu hayaulizwi hata na mchungaji.

"Mama, mukojo yako iko na povu?"

Tonton akakohoa. Tantine akatazama dari. Mimi ndiye niliyekuwa namwaga ndoo asubuhi, nikajibu. "Iko, Dokta. Iko kama bia yenye muntu wa haraka amemimina."

"Weye bia unaijulia wapi," Tonton akaniuliza, "mu nyumba ya Bametodisti?"

"Kwa mukojo ya Tantine, Tonton."

Dokta alijifanya anatafuta kitu kwenye droo, lakini mabega yalikuwa yanatikisika. Alimpa Tantine kikopo, na kiliporudi akachovya ndani kijiti chembamba chenye viraka vya rangi. Kiraka kimoja kiligeuka kijani cha nguvu. Akatuonyesha. Alisema ile ni protini, utomvu wa chakula ambao mafigo yanapaswa kuushika, na yamechoka kuushika, yanauachia upite na mkojo, na ndio unaofanya povu. Halafu akaomba damu. Halafu akauliza Tantine anatumia nini kwa ajili ya mgongo, na Tantine akafungua lile fundo kiunoni akamwaga vidonge mezani, kwa fahari kidogo, kama mtu anayeonyesha akiba. Dokta akavikusanya vyote kwa kiganja cha mkono.

"Mama, hii dawa inatuliza mugongo na inapiga mafigo. Usirudie kuimeza, hata moja."

"Na mugongo wangu?"

"Mugongo tutautafutia ingine yenye haina vita na mafigo."

Namba ya damu, ile inayoonyesha uchafu ambao mafigo yameshindwa kuutoa, ilipotoka ilikuwa juu. Tonton akauliza jina la ugonjwa, kwani kwa karani kitu kisicho na jina hakipo. Dokta akasema jina hatampa bado. Figo huweza kuchoka kwa muda, alisema, kwa kuhara, kwa malaria kali, kwa vidonge kama vile, kisha ikapumzika na kurudi kazini. Tutaanza dawa ya tansio leo, tutaacha vidonge, na tutapima tena baada ya miezi mitatu. Namba ikikaa juu muda huo wote, hapo ndipo atasema ni ugonjwa wa kudumu. Njiani Tonton alikuwa na hasira za kutosha watu wawili. "Miezi tatu kungoja jina," alisema. "Hata mutoto anapewaka jina mbele ya pale." Leo naelewa kwamba kumwambia mtu "sijui bado" ni kazi ngumu kuliko kumwambia "ni malaria", na kwamba wote waliotangulia kutupa majina walitupa kwa urahisi sana. Wakati ule nilielewa tu kwamba Tantine hakusema neno toka hospitali hadi nyumbani, na yeye ukimya haumfai, unamkaa kama viatu vya mtu mwingine.

Miezi ile mitatu majirani walijaza pengo aliloacha Dokta. Uzio wetu ni wa matete, na matete hayana siri. Nilikuwa nafua nguo nikimsikia Mama Kasongo, jirani yetu, akimwambia mgeni wake, "Kuvimba vile haiko bule. Numbi alikanyaga kintu." Mgeni akauliza nani alikiweka kitu hicho cha uchawi. "Kwaya ile beko wengi," alisema Mama Kasongo. "Na mwenye anaimba mbele, nyuma yake kunakosaka bantu?" Nikainua kichwa juu ya uzio, povu la sabuni mpaka viwiko. "Mama Kasongo, kintu alikanyaga njo mizani ya dokta. Na ilisema Tantine eko kilo mingi." Mama Kasongo akasema mimi nitazeeka bila mume. Tantine alikuwa ndani, dirisha wazi. Alisikia yote. Jioni aliniambia nisijibu watu wakubwa, kisha akanipa paja la kuku.

Baada ya miezi mitatu tukarudi. Tansio ilikuwa imeshuka, uvimbe umepungua, na sote tulikuwa tumeshajiandalia furaha. Namba ya damu ikatoka: bado juu. Dokta akamlaza Tantine, akampaka yale mafuta ya baridi, akatembeza mashine ya picha ubavuni. Akatuonyesha kwenye kioo vitu viwili vya kijivu ambavyo kwangu vilifanana na maharage yaliyosahauliwa juani. Mafigo yamenywea, alisema. Sasa jina lipo, ni ugonjwa sugu wa figo, na tansio ya miaka mingi ndiyo iliyoyala polepole bila kupiga kelele. Tonton akauliza lini yatarudi kuwa makubwa. Dokta akavuta kiti, akakaa mbele yake, akaacha Kifaransa.

"Tata Ngoy, weye ni muntu wa reli. Fikiri mafigo iko bantu wa kazi. Wengi walisha kwenda pension, hawarudie. Wale wamebaki banafanya kazi ya bote. Minyi siwezi kuita wazee. Naweza kulinda wale wamebaki, basichoke."

"Na bakichoka?"

"Pale kunabaki mashine ya kusafisha damu. Iko Lubumbashi."

Hapo Tantine akaongea kwa mara ya kwanza. "Minyi Lubumbashi siende kufungwa kwa mashine kila juma sawa mbuzi kwa muti. Kwaya yangu iko hapa. Dokta, niambie ya kufanya, nitafanya, lakini hapa."

Kwa hiyo mkataba wa mwaka ule ulikuwa huo. Dokta hakuahidi kuponya. Aliahidi kujaribu kuizuia namba isipande. Sikumwambia mtu, lakini niliona ni ahadi ya kimaskini. Nilikuwa na umri wa kutaka miujiza au hakuna.

Masharti yalikuwa ya kawaida ukiyasoma, na ya kikatili ukiyala. Dawa ya tansio kila siku, na nyingine mpya ya kukinga mafigo ambayo Dokta alisema lazima aifuatilie kwa damu. Udongo mweupe ambao Tantine alikuwa akitafuna kanisani akijifanya anasali, uachwe. Samaki wa chumvi kutoka Malemba, waachwe. Vile vipande vya mchuzi vilivyofungwa kwenye karatasi, viachwe. Na kubwa kuliko yote, alisema, "chumvi ya duka, ile ya sashe, musitie tena mu chakula." Alisema hivyo hivyo, nakumbuka, kwa sababu Tonton alirudia kila neno kama kiapo.

Meza yetu ikafiwa. Sombe, kisamvu chetu, bila chumvi ni majani. Maharage bila chumvi ni mawe yaliyokubali kulainika. Tulikula sote vilevile, kwani Tonton alikataa mke wake ale peke yake kama mfungwa, na kila mlo alikuwa akitafuna polepole, macho mbali, kama mtu anayesikiliza hotuba ya salamu za rambirambi. Mimi niliomba tuwe tunasali baada ya kula badala ya kabla, kwa kuwa kabla hatukuwa na cha kushukuru. Tantine hakucheka. Alikuwa akigusa tonge mara moja, anarudisha sahani. Akakonda. Sauti ikapungua, na katika mazoezi ya kwaya akawa anaanzisha wimbo halafu anawaachia wengine kuubeba. Usiku mmoja wa mvua nilimsikia kupitia ukuta akimwambia Tonton, bila kulia, kama mtu anayetaja bei, "Kama njo kuishi huku, minyi sijue kama minataka."

Jibu la Tonton lilifika wiki chache baadaye juu ya baiskeli. Dada yake anaishi upande wa Malemba-Nkulu, karibu na maji, na alimtumia gunia la majivu ya majani ya kinamasi. Siku hizi vijana wa Kamina hawajui kitu hicho, lakini bibi zetu walikuwa wakipata chumvi yao hivyo. Unaweka majivu ndani ya chungu kilichotobolewa, unamimina maji juu, yanachuruzika kahawia kama chai, unayachemsha mpaka yakauke, na chini ya sufuria inabaki chumvi ya kijivu, kali kidogo, yenye ladha ya moshi. Tonton, mtu ambaye hakuwahi kuosha kijiko, alijifunga kanga ya Tantine juu ya suruali yake ya pasi na kuchuruzisha majivu uani kila Jumamosi, akipuliza moto kwa ile kofia yake ya kazi. Majirani walikuja kutazama bure.

"Dokta alikataza ya duka," alitueleza. "Hii haiko ya duka. Hii iko majani. Bankambo balikula hii mbele Mubeleji hajaleta duka."

Mlo wa kwanza wa chumvi ile sitausahau. Ilikuwa sombe na bukari, hakuna kingine. Tantine alionja, akafumba macho, akaonja tena, akavuta sahani karibu. Tonton hakula, alikuwa anamtazama. Nimeona picha za watu wakila kiapo cha urais wakiwa na uso mdogo kuliko ule. Kwa majuma kadhaa nyumba ikarudi kuwa nyumba. Tantine alikula, aliimba akiosha vyombo, alinitukana kwa Kiluba, jambo ambalo hulifanya akiwa mzima tu. Sote tulisema dawa mpya imemshika.

Kisha miguu ikaanza kumsaliti. Haikuvimba safari hii, ilikuwa mizito tu. Alisema ni kama mtu amemjazia mchanga mapajani. Jumamosi moja mchana, kwenye mazoezi, alikaa ili akina mama wa sauti ya pili warudie mstari wao, na alipotaka kusimama hakuweza. Nilikuwa mlangoni nikimsubiri. Nilimwona akishika benchi la mbele, akivuta, akitabasamu kwa aibu, akivuta tena. Nikamfuata nikamwekea bega. Uzito wake wote ukaja juu yangu, naye akaninong'oneza sikioni, "Bijou, usichekeshe leo. Moyo yangu inaruka hatua." Tulimpakia kwenye pikipiki, dereva mbele, yeye katikati, mimi nyuma nimemkumbatia kama mzigo wa unga, na nilihisi moyo wake mgongoni mwake, ukigonga, ukikaa, ukigonga.

Dokta alikuwa zamu. Alimlaza, akambandika waya kifuani, na ile mashine ya kuchora moyo ikaanza kutoa karatasi yake ndefu. Mimi sikujua kusoma ile karatasi, lakini uso wa Dokta niliujua. Mistari ilikuwa na vilele virefu, vyembamba, vimechongoka vyote, kama paa za makanisa zilizopangwa safu. Labo, ile maabara ya hospitali, haikuwa na dawa ya kupima kitu alichokitaka siku ile, kwa hiyo karatasi ndiyo ilikuwa shahidi pekee. Tonton alikuwa ameshafika, suti kaivaa juu ya fulana, na Dokta akamgeukia akiwa bado anaandaa sindano.

"Anakula nini? Ndizi mingi? Muti ya kienyeji? Chumvi?"

"Hapana, Dokta. Njo minyi napika sasa. Hakuna chumvi mu nyumba yangu. Hakuna hata sashe moja. Weza tuma muntu aangalie."

Alisema kweli kabisa, na alisema kwa kifua. Dokta akauliza mara ya pili, kwa ukali. Akajibu vilevile. Mimi mdomo wangu ukiwa na hofu unaongea peke yake, na Tantine alikuwa amenikataza, lakini macho yake yalikuwa yamefungwa.

"Ni kweli, Dokta," nikasema. "Chumvi Tonton aliacha. Sasa anatupikia jiko. Anachukua majivu, anapitisha maji, anachemsha, anatia mu sombe. Ikiisha tutakula mafyiga."

Tonton akanitazama vibaya. Dokta hakucheka. Aliweka sindano kwenye sahani ya chuma, taratibu.

"Majivu ya nini?"

"Ya majani ya maji," alisema Tonton, na sauti yake ilikuwa imeanza kushuka. "Ya kwetu. Haiko ya duka."

Dokta akafumba macho kidogo tu. Halafu akaanza kwenda haraka kuliko nilivyowahi kumwona mtu wa serikali akienda. Sindano ya kalsiamu mshipani, polepole, akiangalia karatasi ya mashine. Sukari na insulini. Dawa ya kukojoa. Ile dawa mpya ya kukinga mafigo akaamuru isimamishwe. Alikuwa anamweleza Tonton huku mikono ikifanya kazi. Majivu ya majani yana kitu kinaitwa potasiamu, kingi, ndicho hasa ile chumvi ya kijivu. Mafigo mazima hukitoa nje na huwezi kujua hata kama kilipita. Mafigo machovu hukiacha ndani ya damu, na ile dawa mpya nayo hukizuia kutoka, kinajaa, kinafika kwenye misuli, kinafika kwenye moyo. Tonton alikuwa amesimama mikono imeshika ukingo wa kitanda. Aliuliza swali moja tu. "Ni minyi?"

"Ni minyi," alisema Dokta. "Nilisema chumvi ya duka. Nilikulia Lubumbashi, Tata. Kule chumvi yote inatokaka ku duka. Sikujua kama hapa iko ingine. Nilipaswa kuuliza munakula nini, sikuuliza. Nilikataza tu."

Watu wazima wawili wakigombania kosa ni kitu ambacho sikuwahi kukiona, mimi niliyezoea kuona likirushwa kama kaa la moto. Sijakiona tena tangu hapo. Tulibaki tukiitazama ile karatasi ikitoka, sisi watatu tusioamini na mashine isiyojali, na vile vilele vikaanza kufupika. Kwanza nilidhani najidanganya. Kisha Dokta akaweka karatasi mpya juu ya ile ya zamani, akatuonyesha kwa kalamu yake. Paa za makanisa zilikuwa zimegeuka vilima vya mchwa. Tantine akafungua jicho moja.

"Tata Ngoy," alisema, "ulitaka kuniua na sombe."

Tonton akamvutia shuka mpaka kidevuni.

"Lakini ilikuwa tamu," Tantine akaongeza, na akafunga jicho.

Baada ya siku ile Dokta alibadili kazi yake. Alikuja nyumbani, akakaa jikoni kwenye kiti kifupi magoti yakigusa kidevu, akauliza kila kitu kinachoingia kinywani kwetu na kinavyopikwa. Maswali yale amemuuliza kila mgonjwa wa figo tangu hapo, na sasa anafundisha wengine wayaulize. Gunia la majivu Tonton alilizika kwenye shamba la mihogo, kwa heshima zote, na mihogo ile ilistawi vibaya sana, yaani vizuri sana. Majani na maharage tukaanza kuyachemsha kwa maji mengi na kuyamwaga, kwa sababu ile potasiamu nayo imo mle na hutoka na maji. Mama Kasongo alipoona Tonton akimwaga maji ya maharage alishika kichwa. "Munamwaga utamu," alisema. "Tunamwaga mazishi," nikamjibu, na safari hii hakunitabiria mambo ya mume, alitaka kujua kwa nini, na akasimama pale uziani mpaka alipoelewa.

Ladha ikawa kazi yangu. Nilifanya majaribio kwa wazee wawili wasio na ulinzi. Tangawizi kwenye sombe, sitaki kuizungumzia. Kuna siku pilipili ilimfanya Tonton aimbe sauti ya kwanza. Lakini polepole nikajua kwamba ndimu ikiingia mwishoni, moto umeshatolewa, ulimi unadanganyika kuwa chumvi imepita, na kwamba matungulu, yaani vitunguu, ukiyakaanga mpaka yakaribie kuungua yanafanya kazi ya nyama. Tantine akaanza kumaliza sahani. Siku moja aliomba kuongezewa, na Tonton akainuka kwa haraka mpaka akaangusha kiti.

Mwishoni mwa mwaka ule wa shule ikafika siku ya damu kubwa, ile ya kuona mafigo yaliyobaki yamenusurika au yameenda na mkasa. Wote watatu tulijua maana yake. Namba ikiwa imepanda sana, tutaanza kuuza vitu na kuulizia Lubumbashi. Tantine alivaa kitenge cha kwaya, akasema akipata habari mbaya anataka awe amevaa vizuri. Dokta alitoka na karatasi, hakusema kitu, akaiweka kando ya ile ya miezi iliyopita, na kugeuza zote zitutazame.

Ilikuwa namba ileile.

"Haikushuka," alisema Tonton.

"Haikupanda," alisema Dokta, na nikaona kuwa macho yake yamejaa maji, na anatabasamu kama mtu aliyefaulu mtihani wa serikali. "Tata, baada ya yote ile, haikupanda. Mwanamuke huyu mafigo yake inakataa kuchoka."

Nilihitaji muda wa kutembea toka hospitali hadi nyumbani kuuelewa ushindi ule, na tulipofika langoni nilikuwa nimeshauelewa kiasi cha kupiga kelele. Nilimwambia Mama Kasongo kuna sikukuu. Akauliza, alipona? Nikasema hapana. Akauliza, basi sikukuu ya nini? Nikasema ni ya namba ambayo haikusogea. Alinitazama kwa huruma, akaenda kuchinja jogoo wake. Kwaya nzima ilikuja, Jumapili mchana, viti vya kuazima vikajaa uani mpaka watu wakakaa kwenye ndoo. Nilipika mimi, masufuria matatu, bila punje ya chumvi ya aina yoyote inayojulikana duniani, na nilisimama nikiwatazama wakila kama Tonton alivyomtazama Tantine. Mchungaji alionja, akasogeza sahani apewe tena. Dokta alikuja na pikipiki, akawekwa kiti cha heshima, na akina mama wakamzunguka wakimwambia kila mmoja mgongo wake unauma wapi na kutoa mafundo viunoni.

Mchungaji akasimama kuomba shukrani. Alianza vizuri, akamshukuru Mungu aliyemponya dada yetu Numbi kabisa, akamrudisha mzima. Tantine akamgusa mkono. Si desturi kumkata mchungaji katikati ya sala, na hata watoto waligeuka kutazama.

"Pasteri, samahani," alisema. "Sikupona. Dokta alisema wale walikwenda hawarudie, na iko kweli. Kesho nitameza dawa, na kesho kutwa, na siku zote. Muombe vizuri, Mungu asifikirie tunamudanganya. Sikupona. Niko."

Hakungoja amina. Alisimama kutoka kwenye kiti kile kifupi cha jikoni, bila kushika kitu, na akaanzisha wimbo juu sana, juu kuliko kwaya ilivyowahi kuimba, sauti ya kwanza wakatazamana, sauti ya pili wakashika vifua, Tonton akavua koti, Mama Kasongo akajaribu kuimba kutoka upande wa pili wa uzio, na sote tukaanza kumkimbilia huko juu alikokuwa, kila mtu kwa ufunguo wake, na yeye hakushuka hata kidogo kutusubiri.